Tiketi ya bure iliyolipwa kwa riba

Mwaka juzi, kati ya Agosti na Oktoba, simu zetu nyumbani zililia sana. Binamu yangu anaishi Dallas, Texas, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Kawaida hutuma pesa kwa kiasi: dola mia ya dawa za shangazi, hamsini ya mtoto aliyekosa viatu vya shule. Lakini miezi hiyo mitatu alituma dola 1,600. Tulilipa karo ya muhula mzima, tukaezeka jiko la shangazi mabati mapya, na hata mimi nikaangukiwa na kitu kidogo. Hakuna aliyeuliza chochote. Ujumbe wa "umepokea" ukiingia, ni nani hukaa chini akauliza pesa imetoka mfuko gani?

Siku moja akaniandikia WhatsApp: "Cuzo, Desemba nakuja bure! Nauli inalipwa na kadi."

Desemba ilifika, hakuja. Januari akapunguza kutuma. Kufikia Pasaka alikuwa ameacha kabisa, na shangazi akaanza kusema kwamba Amerika imemgeuza mtoto wake. Ilichukua miezi kadhaa kabla hajanieleza kilichotokea. Amekubali niandike habari hii mradi nisitaje jina lake, kwa sababu anajua yuko mwingine leo, huko Minnesota ama Boston, anayefanya vilevile akidhani anaisaidia familia.

Maoni yangu ni haya: bonasi ya kadi ya mkopo si zawadi. Ni malipo ya kazi fulani, na kazi hiyo inamfaa tu mtu ambaye tayari ana pesa. Ukiifanya kwa pesa za kukopa, wewe ndiwe unayewalipia wenzako tiketi.

Mchezo wenyewe unaendaje

Benki za Marekani zinapigania wateja wa kadi za mkopo. Kila benki inataka kadi yake iwe ndiyo ya kwanza unayotoa ukifika dukani. Kwa hivyo inakuahidi: fungua kadi yetu, tumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu, tutakupa pointi 60,000 za usafiri. Ukizibadilisha kuwa pesa, pointi hizo mara nyingi ni kama dola 600. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hiyo ni shilingi 78,000. Si pesa ndogo.

Sasa wako watu waliojiuliza: kwa nini nichukue bonasi mara moja tu? Wanafungua kadi, wanatimiza masharti, wanachukua pointi, kisha wanafunga ama wanaiweka kando na kufungua nyingine. Wengine hufungua tano, sita kwa mwaka. Mume akimaliza, mke naye anaanza. Halafu wanapiga picha kwenye kiti cha mbele cha ndege na kuziweka YouTube na TikTok: "Nimefika Dubai kwa dola 11." Video hizo huwafikia Wakenya walio huko, na kupitia kwao hutufikia sisi pia.

Kufungua kadi nyingi kwa jina lako si kosa la jinai, bora usidanganye kwenye fomu. Lakini benki si wajinga. Chase, kwa mfano, inajulikana kumkataa mtu aliyefungua kadi tano ama zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24. American Express huandika kwenye masharti yake kwamba bonasi ya kukaribishwa hutolewa mara moja tu kwa kila aina ya kadi. Na kila ombi la kadi huacha alama kwenye rekodi yako ya mikopo kwa miaka miwili.

Wanaoshinda wapo

Sitaki kudanganya kwamba mchezo huu hauna washindi. Wapo, na ukiwaangalia vizuri utaona wanafanana.

Aliye maarufu kuliko wote hata hakutumia deni. Mwaka 1999, mhandisi mmoja wa California, David Phillips, aligundua kwamba kampuni ya chakula ya Healthy Choice ilikuwa inatoa maili za ndege kwa kila mteja aliyetuma vibandiko vya bidhaa zake. Alipoona vikombe vya pudini vinauzwa senti 25, alipiga hesabu na kugundua kwamba maili zilikuwa na thamani kubwa kuliko pudini yenyewe. Akanunua vikombe zaidi ya 12,000 kwa kama dola 3,140. Pudini akaipa Jeshi la Wokovu, nao wakamsaidia kubandua vibandiko. Alipata zaidi ya maili milioni 1.2.

Watu hucheka sana wakisikia habari za pudini. Mimi huangalia zile dola 3,140. Zilikuwa zake. Hata kampuni ingekataa kumlipa, angebaki na vikombe vingi vya pudini na hasara anayoijua. Hakuna riba ambayo ingemfuata usiku akiwa amelala.

Kisa kingine ni cha sarafu. Kuanzia mwaka 2008, kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani kiliuza sarafu za dola moja kwa bei yake ileile na kuzipeleka hadi nyumbani bila malipo, kwa nia ya kuwazoesha wananchi kuzitumia. Wawindaji wa pointi wakaagiza maelfu kwa kadi zao. Maboksi yalipofika, wakayapeleka benki moja kwa moja na kulipia deni la kadi kwa sarafu zilezile. Wakabaki na maili. Julai 2011, kiwanda kikaacha kupokea malipo ya kadi kwa sarafu hizo.

Ukisikia njia rahisi imeshafika kwenye video ambayo kila mtu anaitazama, jua waliofaidika nayo walipita zamani, na pengine mlango unafungwa.

Wanaoshinda leo wana tabia nne. Wanalipa deni lote la kadi kila mwezi, si kipande. Wana akiba kando ya kutosha kulipa deni hilo hata kazi ikiisha kesho. Wanaandika tarehe, masharti na ada za kila kadi. Na matumizi wanayoweka kwenye kadi ni yale ambayo wangeyafanya hata kama kadi haipo. Ukikosa moja kati ya hizo nne, basi.

Hesabu ya binamu yangu

Binamu yangu alikosa mbili: akiba, na matumizi ya kutosha.

Alitakiwa kutumia dola 4,000 kwa miezi mitatu. Petroli, chakula, simu na vitu vidogo vyote vilikuwa dola 800 kwa mwezi, yaani 2,400. Kodi ya nyumba alilipa kutoka akaunti ya benki, kwa sababu mwenye nyumba angeongeza ada kama angelipa kwa kadi. Zilibaki dola 1,600. Akafikiria: kwani si natuma pesa nyumbani kila mwezi? Nitatuma kwa kadi. Mama atafurahi, na mimi nitafikisha dola 4,000.

Hapo ndipo alipoanguka, na hapa naomba usome polepole. Benki nyingi za Marekani hazihesabu kutuma pesa kwa kadi ya mkopo kuwa ni ununuzi. Zinahesabu kwamba umetoa pesa taslimu kwenye kadi. Hilo lina matokeo matatu. Kwanza, unakatwa ada, yake ilikuwa asilimia 5. Pili, riba inaanza siku ileile, wala hupewi zile wiki chache za kulipa bila riba kama mtu aliyenunua dukani, na riba yenyewe huwa juu zaidi. Tatu, kiasi hicho hakihesabiki kwenye bonasi. Hata pointi moja hupati.

Zote tatu zilimkuta. Ada ilikuwa dola 80. Siku kumi kabla ya muda kuisha, alifungua apu ya benki aone amefika wapi. Ilisema 2,400. Zile 1,600 alizotutumia hazikuwemo.

Angeachia hapo angekuwa amepoteza dola themanini na riba kidogo. Lakini mtu aliyekimbia mbio ndefu hivyo haachi zikibaki mita chache. Alienda akanunua televisheni, tableti mbili na kochi, jumla dola 1,600, vitu ambavyo hakuwa amevipanga. Bonasi ikaingia. Na deni la dola 3,200 likabaki.

Riba ya ununuzi ilikuwa asilimia 24 kwa mwaka, ya pesa taslimu asilimia 29. Piga hesabu: dola 32 kwa mwezi upande mmoja, karibu 39 upande wa pili. Dola 71 kila mwezi kabla hata deni lenyewe halijapungua. Kwa mwaka mzima, kama angelipa riba tu, ni karibu dola 850. Bonasi ilikuwa dola 600, na kadi ilikuwa na ada ya mwaka ya dola 95.

Tena nauli ya kuja Nairobi mwezi wa Desemba huzidi dola elfu moja. Pointi hazikutosha. Angehitaji kuongeza pesa ambazo hakuwa nazo tena.

Kuna gharama nyingine ambayo haikuonekana kwenye taarifa ya kadi. Huko kila mtu ana alama ya mkopo, kati ya 300 na 850, inayotumiwa na benki, wauza magari na hata wenye nyumba. Asilimia 35 ya alama hiyo hutegemea kama unalipa kwa wakati, na asilimia 30 hutegemea deni ulilo nalo, hasa ukilinganisha na kiwango ulichoruhusiwa. Kikomo cha kadi yake kilikuwa dola 6,000. Alikuwa ametumia zaidi ya nusu. Alipoenda kukopa gari la kumpeleka kazini, alipewa riba ya juu kuliko aliyotarajia.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi ndio tulikuwa harusini, yeye peke yake akabaki matangani.

Ni nani anayelipia hizo tiketi?

Hili ndilo swali ambalo video haziulizi. Ndege haipai kwa pointi. Mafuta yamelipiwa na mtu.

Pesa hutoka sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni duka. Kila kadi inapotumika Marekani, mwenye duka hukatwa ada, mara nyingi asilimia 2 hadi 3, na kadi zenye zawadi nyingi ndizo zenye ada kubwa. Mwenye duka naye hapati hasara kimya kimya. Anaiweka kwenye bei. Bei hiyo analipa kila mtu, hata yule anayelipa kwa noti. Mwaka 2010, watafiti wa Benki Kuu ya Boston walikadiria kwamba kaya inayolipa taslimu hutoa kwa wastani dola 149 kwa mwaka kuwanufaisha wanaotumia kadi, na kaya inayotumia kadi hupokea dola 1,133. Na kwa kuwa wanaotumia kadi kwa kawaida ndio wenye kipato kikubwa, mfuko unatoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye nacho. Umoja wa Ulaya uliliona tatizo la ada hizi, na mwaka 2015 ukaweka sheria kwamba ada ambayo benki ya mwenye kadi inapata isizidi asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo. Ndiyo maana bonasi za Ulaya ni ndogo sana zikilinganishwa na za Marekani.

Sehemu ya pili ni riba. Mwaka 2023, madeni ya kadi za mkopo Marekani yalipita dola trilioni moja kwa mara ya kwanza. Wastani wa riba kwenye kadi umepita asilimia 20. Nani analipa riba hiyo? Si yule wa Dubai kwa dola 11. Yeye hulipa deni lote kila mwezi. Analipa binamu yangu, na wengine kama yeye, wanaofanya zamu mbili na kutuma nyumbani.

Ndiyo maana sikubali maneno ya kwamba mchezo huu ni kuila benki. Benki haijaliwa. Imewapa wachache waangalifu bonasi, ikijua wengi watateleza. Bila wanaoteleza, biashara yenyewe haingekuwepo.

Na sisi huku?

Wengi wetu Kenya hatuna kadi ya mkopo. Lakini tabia hii tunayo, kwa sura nyingine. Kuna mtu ana apu saba za mkopo kwenye simu. Kila mpya ikitangaza "mkopo wa kwanza papo hapo", anaipakua. Akikwama kulipa ya kwanza, anakopa ya pili kulipa ya kwanza. Anaona ni ujanja.

Tofauti ni kwamba yule Mmarekani mjanja anachukua bonasi halafu analipa bila riba hata senti. Mkopo wa simu hauna nafasi hiyo. Una gharama tangu siku ya kwanza. Chukua ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ambayo si ngeni kwetu. Ukikopa shilingi 10,000 unarudisha 10,750. Inaonekana kidogo. Lakini ukirudia kila mwezi kwa mwaka, umelipa shilingi 9,000 kwa kutumia zile 10,000 zilezile. Hapo hakuna bonasi ya kuwinda. Wewe ndiwe unayewindwa.

Na kama Marekani, rekodi inabaki. Usipolipa, jina linapelekwa CRB, na habari hizo mbaya hukaa miaka mitano baada ya kumaliza deni. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bure mara moja kwa mwaka. Itumie.

Jambo jingine ambalo nimeliona, na linanisikitisha: vijana kuchukua kitambulisho cha mama ama nyanya ili kufungua laini ama apu nyingine kwa ajili ya ofa ya mteja mpya. Ofa inaweza kuwa ya shilingi mia mbili. Lakini laini ikikopa, deni ni la nyanya. Siku atakapotaka mkopo wa chama kununua ng'ombe, ataambiwa jina lake limechafuka, na hatajua ni kwa nini. Kitambulisho na PIN si vitu vya kuazimana, hata ndani ya nyumba.

Kabla ya kufuata bonasi yoyote

Jiulize maswali matatu, iwe ni kadi, apu ama laini.

Moja: kama hakungekuwa na bonasi, bado ningetumia pesa hizi? Kama jibu ni hapana, bonasi imekununua. Televisheni ya binamu yangu bado iko ukutani. Anasema haitazami.

Mbili: pesa ya kulipa iko wapi sasa hivi? Usiseme mwisho wa mwezi. Kama haiko kwenye akaunti leo, usianze.

Tatu: nikikosa sharti moja tu, nitapoteza nini? Soma sehemu ya ada na riba kabla ya kusoma sehemu ya zawadi. Kwa aliye Marekani, kuna kijisanduku kwenye taarifa ya kadi ya kila mwezi ambacho sheria ya 2009 inakilazimu kuonyesha itachukua muda gani kumaliza deni ukilipa kiwango cha chini tu. Kisome. Kitakutoa usingizi, lakini bora hivyo.

Na sisi tunaopokea tuna sehemu yetu pia. Marekani ndiyo inayoongoza kwa pesa zinazotumwa Kenya na ndugu zetu walio nje. Tumezoea kuuliza lini na ngapi. Tuongeze swali moja: "Unatuma kutoka akaunti, ama kwa kadi ya mkopo?" Akituma kutoka akaunti yake ya benki, ama kwa kadi ya benki inayokata pesa zilizopo, mara nyingi gharama ni ndogo na hakuna deni linalobaki. Akisema ni kadi ya mkopo, mwambie apunguze, hata ikibidi mabati yangoje.

Binamu yangu alimaliza deni lake baada ya miezi kumi na minne. Alikuja nyumbani Agosti iliyopita, msimu ambao nauli ilikuwa nafuu, kwa tiketi aliyoiwekea dola 60 kila wiki mbili. Shangazi alimwandalia kuku kwenye lile jiko la mabati mapya. Tulikaa hapo tukala, na kwa mara ya kwanza tulimuuliza pesa zake hutoka wapi na zinamgharimu nini. Alizungumza mpaka chai ikapoa.

Mpigie wako leo jioni. Usimuombe kitu. Muulize tu.